Jua, samaki, kidonge cha kila siku au dozi ya wiki: njia nne za kurudisha vitamini D ukiwa Mwanza

Kwetu ni Mabatini, juu kwenye mawe. Kutoka pale bajaji inapoishia hadi mlangoni pangu kuna ngazi sabini na mbili, nyingine za saruji, nyingine jiwe lenyewe tu. Nimezihesabu kwa sababu kuna mwaka zilinishinda. Sikuwa na homa wala kikohozi. Mapaja ndiyo yaligoma. Nikifika ngazi ya ishirini nashika goti kwa mkono na kulisukuma ili lipande. Usiku nyonga na mifupa ya miguu iliuma kwa ndani, maumivu yale ambayo huwezi kumwonyesha mtu kwa kidole kwamba ni hapa. Nilitibiwa malaria mara mbili, taifodi mara moja, na UTI sikumbuki mara ngapi. Siku moja daktari mwenye subira aliniambia niinuke kitini bila kushika popote. Nikashindwa. Akaandika kipimo cha vitamini D, majibu yakaja 11.

Nilicheka. Mtu wa Mwanza akose vitamini ya jua? Akaniuliza, "Mama, jua wewe unakutana nalo saa ngapi?" Nikaanza kuhesabu. Nafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara. Naingia kabla hakujapambazuka vizuri, natoka kiza kinaanza. Humo ndani ni koti jeupe hadi kwenye gambuti, kofia na barakoa. Jumapili ni kanisani, kitenge na mtandio, kisha kulala maana mwili umechoka. Ziwa liko nyuma ya ukuta wa kiwanda, na miaka minane nilikuwa nalisikia kuliko ninavyoliona.

Tangu nipone, naulizwa swali lilelile kila wiki: nifanye lipi? Mmoja ameambiwa aote jua, mwingine kanunua vidonge, shemeji yangu kachoma sindano, na mama mkwe wangu anasisitiza kwamba dagaa wanatosha. Wote wana hoja. Mimi si daktari. Nimeugua, nimeuliza, nimesoma, na yafuatayo ni kwa yule aliyekwama katikati ya ushauri mwingi.

Kwanza, pima nini unachopima

Njia nne nitakazolinganisha ni hizi: jua, chakula, kidonge kidogo cha kila siku cha yuniti 1,000 au 2,000 (kwenye kopo utaona IU), na dozi kubwa, yaani kidonge cha yuniti 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki nane, au sindano moja ya yuniti 300,000 hadi 600,000.

Nitazipima kwa mambo manne. Inapandisha kiwango kwa kasi gani? Inagusa mfuko kiasi gani? Inaweza kukuumiza vipi? Na la mwisho, ambalo watu hulisahau: mwezi wa sita utakuwa bado unaifanya?

Lakini kuna jambo linatangulia hayo yote, nalo ni ukubwa wa pengo lako. Waliowahi kukopa kwenye kikoba wananielewa. Kulipa deni la zamani na kula ya leo ni hesabu mbili. Mtu mwenye deni dogo anaweza kulimaliza kidogo kidogo kwa kile anachopata kila siku. Mwenye deni kubwa akifanya hivyo, riba inamla. Ugomvi mwingi ninaousikia kuhusu vitamini D ni wa watu wawili, mmoja anazungumzia deni na mwingine anazungumzia chakula cha leo.

Pengo linajulikana kwa kipimo cha damu, na hapa naomba uangalie kizio kilichoandikwa pembeni ya namba. Maabara nyingine hutoa majibu kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa nanomoli kwa lita, na ya pili ni mara mbili na nusu ya ya kwanza. Mwenzangu wa zamu alifurahi kuona 38, akaniambia amenipita mbali. Ilikuwa nanomoli. Ukigawanya unapata 15, yaani na yeye alikuwa na upungufu, tofauti yake na mimi ilikuwa ndogo tu.

Kwa nanogramu, chini ya 12 ni upungufu mkubwa, 12 hadi 20 ni upungufu. Kuanzia 20 kwenda juu, taasisi ya tiba ya Marekani ilisema mwaka 2011 kwamba kunatosha mifupa ya watu walio wengi. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa homoni cha hukohuko kikataka watu wafike 30, na mwaka 2024 kikaja kuuacha mstari huo. Kwa hiyo aliyepata 26 na akaambiwa ni mgonjwa, avute pumzi.

Kuna namba nyingine naipenda. Watafiti waliopima damu ya Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania, na kuchapisha matokeo mwaka 2012, walikuta wastani wa nanomoli 115, sawa na nanogramu 46. Hao hawakumeza kidonge. Ngozi nyeusi chini ya jua la nchi hii inaweza kutengeneza vitamini D ya kutosha na kubaki. Shida ni sisi tuliohamia chini ya mabati.

Kasi

Dozi kubwa ndiyo yenye mbio. Yuniti 50,000 kwa wiki ni kama 7,000 kwa siku, na ini halijali sana kama zimekuja kwa mkupuo au kwa vipande. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa homoni wa 2011 uliruhusu yuniti 6,000 kila siku kwa wiki nane badala ya kile kidonge cha wiki. Mimi nilipewa cha wiki. Wiki ya tano nikashangaa nimefika mlangoni bila kusimama. Maumivu ya mifupa yalichukua muda mrefu zaidi, miezi kama mitano, na hilo ni la kawaida, kwa sababu misuli huamka mapema na mfupa hujijenga taratibu.

Sindano, kwa taarifa yako, haina haraka tunayoidhania. Sisi tumezoea kwamba sindano ni tiba ya kweli na kidonge ni cha kuanzia. Kwa vitamini D dawa hukaa kwenye msuli ndani ya mafuta na kuachiwa kidogo kidogo, hivyo wiki za mwanzo kiwango huweza kupanda polepole kuliko kwa aliyemeza. Faida yake ni kwa mtu ambaye utumbo wake haufyonzi mafuta, au ambaye hatakumbuka kumeza kamwe.

Kidonge kidogo cha kila siku kinafika, ila kwa mwendo wa kobe: kiwango cha damu huchukua kama miezi miwili hadi mitatu kabla hakijatulia mahali pake papya. Kama deni lako ni dogo, huna sababu ya kukimbia.

Jua ni gumu kulipimia mbio, kwa sababu dozi yake haijaandikwa popote. Ila saa yake inajulikana, na hapa ndipo wengi wetu tumefundishwa vibaya. Jua la asubuhi, lile la saa moja na saa mbili ambalo bibi zetu huanikia watoto, lina joto zuri na mwanga mzuri, lakini miale inayotengeneza vitamini D ni haba mno wakati huo. Miale hiyo hupita kwa wingi jua likiwa juu. Kipimo chake huna haja ya kukinunua: simama, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi inafanya kazi. Kikiwa kirefu kuliko wewe, unaota joto tu. Mwanza, tukiwa magharibi ya nchi, jua hufika utosini yapata saa saba kasoro robo mchana, kama dakika 25 baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo dirisha letu ni kuanzia kama saa nne hadi saa tisa na nusu. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, zaidi kidogo ya nyuzi mbili kusini, na kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, dirisha hilo liko wazi mwaka mzima. Wenzetu wa Ulaya hulifungiwa miezi ya baridi.

Dakika ngapi? Ushauri unaotolewa mara nyingi ni dakika 5 hadi 30, angalau mara mbili kwa wiki, uso, mikono na miguu vikiwa wazi. Ngozi nyeusi ihesabu upande wa 30 na hata zaidi, maana rangi yetu ni kinga, na kinga huchelewesha. Kukaa dirishani ofisini au kiti cha dirisha kwenye daladala hakuhesabiki. Kioo kinazuia miale hiyo karibu yote.

Chakula ndicho cha mwisho kwenye mbio, na si kwa kidogo. Mahitaji ya kila siku ya mtu mzima ni yuniti 600, na 800 akipita miaka 70. Gramu mia za sato zina yuniti kama 120 hadi 150. Yai moja lina kama 40. Piga hesabu mwenyewe: karibu nusu kilo ya sato kila siku, au mayai kumi na tano. Na hiyo ni kula ya leo, bado hujagusa deni. Ugali, mchicha, mlenda, michembe, vyote vizuri, vitamini D hakuna. Maziwa ya ng'ombe wetu yanayopimwa kwa kikombe mtaani nayo yana kidogo sana. Yale ya nje yanayosifiwa yameongezewa kiwandani.

Hata hivyo mama mkwe wangu hakukosea kabisa. Vitamini D kazi yake kubwa ni kuingiza kalsiamu mwilini, na bila kalsiamu ni sawa na kumleta fundi kwenye ujenzi usio na saruji. Dagaa wa ziwani tunamla mzima, na miiba yake na kichwa chake. Kwa hiyo hata ukimeza vidonge, dagaa wana kazi yao. Mapanki ya sangara, ambayo nimeyala sana maana yanatoka kazini kwetu, mchuzi wake ni mtamu lakini mfupa wenyewe unabaki sahanini, kwa hiyo usiyahesabu sawa na dagaa.

Mfuko

Jua ni bure, watu husema. Kwangu mimi dakika arobaini za saa saba mchana ni ruhusa ya msimamizi. Kwa mama anayeanika dagaa Igombe au Kayenze, ni sehemu ya kazi, hata anatamani kivuli. Gharama ya jua ni muda, na muda haulingani kwa watu.

Chakula tunakinunua kwa vyovyote, hivyo gharama yake ni ile ya kubadilisha tu, kama kuongeza mayai mawili au kuchagua dagaa siku tatu badala ya moja. Sato mkubwa amekuwa wa wageni, hilo tusidanganyane.

Kwenye vidonge kuna mtego mmoja. Ukienda duka la dawa ukasema "nipe vitamini D," mara nyingi utapewa kidonge cha kalsiamu chenye vitamini D kidogo ndani yake, yuniti 200 au 400. Ni dawa halali na ina wagonjwa wake. Lakini ukitaka kufikia yuniti 2,000 kwa kidonge hicho itabidi umeze vitano hadi kumi kwa siku, na hapo unajijaza kalsiamu kuliko inavyofaa. Geuza kopo, soma. Tafuta penye D3, jina lake refu kolekalsiferoli. Ipo pia D2, inafanya kazi, ila D3 hupandisha zaidi na hukaa zaidi.

Kidonge cha wiki kwa hesabu ya jumla hakikuniumiza, vidonge vinane tu. Kilichoniumiza ni kipimo: kilinigharimu kuliko dawa zote za miezi miwili. Kwa hiyo uliza bei kabla hujakunja mkono wa shati, na uliza kama bima yako inakigusa. Na si kila mtu anahitaji kupimwa. Mtu mzima asiye na dalili wala sababu maalumu, miongozo ya sasa haimtaki apimwe kwa desturi tu.

Unaweza kujiumiza?

Kwa jua, vitamini yenyewe haiwezi kuzidi. Ngozi ikishatengeneza ya kutosha, ziada inavunjwa palepale. Ngozi ndiyo inayoweza kuumia, na kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si jambo la kujadili. Kanda ya Ziwa tunao wengi, na saratani ya ngozi inawamaliza mapema. Mtu asimwambie mwenye ualbino "ota jua upate vitamini." Kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua, na vitamini D itoke kwenye chakula na kidonge.

Chakula hakina hatari ya maana. Tahadhari moja tu ni mafuta ya ini la samaki ya chupa. Yana vitamini D nyingi, lakini pia vitamini A nyingi, na vitamini A ikizidi ni hatari kwa mimba changa. Mjamzito asiyameze bila kuuliza.

Kidonge cha kila siku kina nafasi kubwa ya kukosea bila madhara. Kikomo cha mtu mzima anayejitumia mwenyewe ni yuniti 4,000 kwa siku, kwa hiyo aliyemeza 1,000 mara mbili kwa kusahau alale tu.

Dozi kubwa haina msamaha huo. Kosa ninalolisikia zaidi ni mtu kupewa vidonge vinane, kuambiwa kwa haraka dirishani, na kuvimeza kila siku asubuhi. Nane kwa siku nane pengine atapona salama. Hatari ni yule anayejisikia nafuu, akarudi kununua vingine, akaendelea hivyohivyo mwezi mzima na zaidi. Vitamini D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, haitoki kwa mkojo kama vitamini C. Ikizidi, kalsiamu hujaa kwenye damu: kiu isiyokwisha, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu, kuchanganyikiwa, na figo kuumia. Hapa kwetu kiu na kukojoa sana mtu atadhani sukari, apoteze wiki nyingine.

Na kubwa zaidi si bora zaidi. Australia walichukua wanawake zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea, nusu yao wakapewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mara moja kwa mwaka. Matokeo yalitoka mwaka 2010: waliopewa walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa. Kwa hiyo unapomfikiria bibi wa kijijini ambaye "achomwe moja ya mwaka mzima yaishe," kumbuka hao.

Wenye ugonjwa wa figo, waliowahi kutoa mawe kwenye figo, wanaotibiwa kifua kikuu, na wanaotumia dawa za presha za kukojoza, wasijianzishie dozi kubwa hata kama jirani ilimsaidia. Na wanaotumia dawa za kifafa au rifampisini, dawa ya kifua kikuu, waseme wazi kwa daktari, kwa sababu dawa hizo hula vitamini D, na dozi ya kawaida inaweza isiwatoshe.

Mwezi wa sita

Hapa ndipo njia hizi zinapotofautiana kweli, na ndipo mimi nilipoanguka mara ya kwanza. Nilimaliza vidonge vinane, nikapanda ngazi zangu, nikasahau. Kazi ilikuwa ileile, koti lilelile. Mwaka uliofuata mapaja yakaanza kunong'ona tena. Deni nililipa, lakini ya kila siku nilikuwa siingizi.

Dozi kubwa ina mwisho kwa asili yake, na hivyo inavyotakiwa kuwa. Haikuombi tabia mpya. Uzuri wake ni kwamba wiki nane mtu yeyote anaweza. Mimi niliiweka Jumapili baada ya misa, pamoja na chakula cha mchana chenye mafuta, kwa kuwa vitamini hii huingia vizuri ikipanda mgongo wa mafuta. Chai ya rangi na kidonge ni kupunguza thamani ya pesa yako.

Kidonge cha kila siku kinasahaulika wiki ya tatu. Wanaofaulu ni wale ambao tayari wana dawa nyingine ya kila siku, wakakiweka pamoja.

Jua likishafungwa kwenye jambo unalolifanya tayari, linadumu kuliko vyote. Siku hizi mapumziko ya mchana navua koti, nakunja mikono, natoka nje ya geti na kula nimekaa kwenye jiwe. Wenzangu walinicheka mwezi wa kwanza, sasa tuko watano. Lakini sitaki kulifanya jepesi kwa kila mtu. Dada anayevaa buibui hawezi kukunja mikono barabarani Makongoro. Anahitaji ua wenye faragha, na nyumba zetu za mjini zimebanana hadi ua wenyewe ni ujia wenye kivuli cha jirani. Mlinzi wa usiku yeye mchana analala. Mzee aliyepooza anamtegemea mtu wa kumtoa nje, na ngozi yake ya miaka sabini hutengeneza kidogo kuliko ya kijana kwa jua lilelile.

Chakula hudumu pasipo kufikiri, ndiyo sifa yake. Ukishazoea dagaa na mayai, unaendelea kwa miaka. Hakitakufikisha peke yake, ila kitakupunguzia mzigo uliobaki.

Kulingana na hali yako

Kama kipimo chako ni chini ya 12, au mapaja yamelegea na mifupa inauma kwa ndani, nenda kwenye dozi ya wiki kwa mkono wa daktari, na kwa hali hiyo jua na dagaa viwe wasaidizi. Usianze na jua peke yake kwa kuogopa dawa. Ni haki yako kuogopa, ila unajichelewesha. Ukimaliza, madaktari wengi hukuhamishia kwenye yuniti 1,500 hadi 2,000 kwa siku au kwenye jua la uhakika.

Kama uko kati ya 12 na 20 na huna dalili, una uhuru wa kuchagua. Unayeweza kupata mchana mara tatu kwa wiki, jaribu jua na chakula miezi mitatu. Usiyeweza, kidonge cha kila siku. Sioni sababu ya sindano hapo.

Mwenye mtoto mchanga anayenyonya tu: maziwa ya mama yana vitamini D kidogo, na madaktari wa watoto wa nchi nyingi hutoa matone ya yuniti 400 kwa siku. Ulizia kliniki. Hakuna haja ya kumwanika mtoto saa saba mchana ili kufidia.

Mwenye mtoto wa matege, subiri kabla ya kununua chochote. Chini ya miaka miwili miguu kupinda kidogo ni kawaida na hujinyoosha. Akipita hapo, matege yanaweza kuwa vitamini D, yanaweza kuwa kalsiamu, na kwa wanaotumia maji ya visima vyenye floraidi nyingi, kama baadhi ya maeneo ya Shinyanga na kwingineko kaskazini, yanaweza kuwa floraidi. Matibabu hayafanani, kwa hiyo apigwe picha na apimwe damu.

Mzee wa nyumbani: kidonge kidogo cha kila siku, au cha wiki kwa kipimo cha kawaida, anayemhudumia akisimamia. Si mkupuo wa mwaka. Mtoeni na nje pia, hata kama ni kwa ajili ya mazungumzo tu.

Mwenye unene mkubwa ajue vitamini hii hujificha kwenye mafuta, hivyo dozi iliyomtosha rafiki yake mwembamba inaweza kumwacha njiani. Daktari humwongezea hata mara mbili au tatu.

Na wewe ambaye hujapima, una uchovu tu na umesoma mahali kwamba ni vitamini D: ukanda huu wa ziwa una kichocho, selimundu, upungufu wa damu na malaria, na vyote vinachosha. Ukienda hospitali, omba daktari aangalie hivyo kwanza. Mwambie pia kama unashindwa kuinuka kitini bila kushika popote.

Waliokwisha kumeza wiki zao nane wasirudie kipimo upesi. Subirini miezi mitatu tangu kuanza, damu itulie. Mimi cha kurudia kilitoka 34, nanogramu. Nilimuuliza yule kijana wa maabara mara mbili kama kizio ni hicho.